Chupa kumi na mbili za nzi: shajara ya mradi wetu, Mbeya

8 Julai

Tumeanza leo. Kila mwaka nikifika kwenye jinsia ya nzi wa matunda na kidato cha sita, huandika mstari uleule ubaoni kuhusu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe: X mbili jike, X na Y dume. Wanafunzi hunakili, tunaendelea na mada nyingine. Wiki iliyopita binti mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo Y ndiyo inayomfanya nzi awe dume, kama kwa binadamu?" Wenzake wakaitikia ndiyo kabla sijafungua mdomo.

Jibu ni hapana. Kwa binadamu, Y imebeba jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, na hiyo ndiyo inayoielekeza mimba kwenye njia ya kiume. Kwa nzi wetu huyu wa matunda, Y haina kauli katika uamuzi huo. Niliwaambia hivyo, wakanitazama tu. Kitabu kinaonyesha XX na XY kwa binadamu na kwa nzi, sasa mwalimu anasema si jambo moja? Nikaona ubao hautoshi. Ndiyo maana leo kuna chupa kumi na mbili za jemu mezani.

Chakula: uji mzito wa sembe, sukari guru, ndizi kisukari iliyopondwa, siki kidogo ya kuzuia ukungu, na hamira juu uji ukishapoa. Hamira ni ya lazima, maana mabuu hawa wanaishi zaidi kwa chachu inayomea kwenye tunda kuliko kwa tunda lenyewe. Ndizi tulizifuata Mwanjelwa. Mama anayeuza alitutolea fungu zuri, akashangaa tulipoomba lile la chini, lililoiva kupita kiasi na lenye vinzi juu yake. Aliposikia ni kazi ya shule hakutaka hela. "Chukueni na wadudu wao, wanangu."

11 Julai

Mtego ni rahisi: ndizi ndani ya chupa, faneli ya karatasi mdomoni. Kwa siku tatu tumepata nzi zaidi ya sitini, na si wa aina moja. Wengi ni wadogo, rangi ya asali, macho mekundu. Wachache ni wakubwa kidogo, wana milia myeupe inayotoka kichwani hadi mgongoni, minyoofu kama imepigwa rula. Wanafunzi wakasema wenye milia ndio madume. Hapana, hao ni jenasi nyingine, Zaprionus, nao wana madume na majike wao. Tumewatoa.

Tunaowataka ni Drosophila melanogaster. Dunia nzima inamjua kama nzi wa maabara za Marekani na Ulaya, lakini tafiti za jeni zinaonyesha asili yake ni upande huu wetu wa Afrika, Zambia na Zimbabwe. Tunduma, mpakani na Zambia, si mbali. Nimewaambia wanafunzi wasimchukulie kama mgeni aliyekuja na kitabu.

Tatizo moja: ana ndugu yake, Drosophila simulans, na majike wa spishi hizi mbili kwa macho yetu hawatofautiani. Wanaowatofautisha ni madume, kwa umbo la sehemu zao za uzazi. Kwa hiyo tunamweka kila jike peke yake kwenye chupa, na wanawe wa kiume ndio watakaotuambia mama ni nani.

12 Julai

Leo tumejifunza kutambua jike na dume, na imechukua saa tatu. Hatuna dawa ya kuwalaza, tunatumia barafu. Chupa inakaa kwenye beseni la barafu dakika chache, nzi wanalegea na kuanguka, unawamwaga kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya sahani baridi. Ukichelewa wanaamka na kuruka.

Dume ni mdogo, na ncha ya tumbo lake ni ya mviringo na nyeusi, kana kwamba imechovywa kwenye wino. Jike ana tumbo refu lililochongoka, na milia yake inafika karibu na mwisho. Kwa nzi aliyekomaa, lenzi ya mkononi inatosha. Shida ni wale waliotoka kwenye pupa, ganda ambamo buu hugeuka nzi, saa chache zilizopita: wote wamepauka, na dume mchanga huhesabiwa jike kirahisi sana. Hapo inabidi utafute kichana. Kwenye mguu wa mbele wa dume kuna safu ya vinywele vinene vyeusi, kumi au zaidi kidogo, vimepangana sambamba kama meno ya kitana. Jike hana kabisa. Chini ya hadubini kinaonekana wazi, na yule binti wa dawati la mbele alipokiona mara ya kwanza alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kukichora bila kuambiwa. Mchoro wake nimeubandika ukutani.

14 Julai

Majike kumi na wawili, kila mmoja na chupa yake. Hatukuwatafutia madume, kwa kuwa jike wa porini huwa ameshapandwa na ana mbegu mwilini.

Kijana mmoja aliyekulia karibu na Ziwa Rukwa amekuja na wazo lililobadilisha mpango mzima. Kwao wanajua mamba: joto la mayai ndilo linaloamua jinsia ya watoto. "Sasa Mwalimu, Mbeya hii ya Julai, nzi si watatoka wa jinsia moja?" Sikumjibu. Tumegawa chupa: sita ndani ya sanduku la mbao lenye balbu, ambako kipimajoto kinasoma nyuzi 24 hadi 26, na sita stoo, ambako leo asubuhi kilisoma 13 na mchana 18.

20 Julai

Umeme ulikatika usiku mzima, tukafunika sanduku kwa blanketi. Chupa ya 2 imeota ukungu. Chupa ya 11 ina utitiri, tumeitoa kabisa isije ikaambukiza nyingine.

25 Julai

Siku kumi na moja kamili, na chupa za joto zimeanza kutoa nzi. Chupa ya 4 ilitutikisa: majike 23, madume 3. Kijana wa Rukwa akasema labda joto la sanduku ndilo linalofanya majike.

Mimi moyo ulinidunda kwa sababu nyingine, nami nikawaeleza. Kuna bakteria waitwao spiroplasma wanaoishi ndani ya nzi, hupita kutoka kwa mama kwenda kwenye mayai, na baadhi yao huua watoto wa kiume wakiwa bado kwenye yai. Mama mwenye bakteria hao huzaa mabinti watupu. Kwa D. melanogaster wamepatikana Brazil, na hapa Afrika wamepatikana Uganda. Je, chupa ya 4 ni mmoja wao? Nikawaomba tusiandike hitimisho lolote hadi chupa iishe kutoa nzi. Nimelala nikiifikiria.

29 Julai

Chupa ya 4 imefunga hesabu: majike 41, madume 38.

Hakuna bakteria wala joto. Majike wa nzi huyu hukua haraka kidogo kuliko madume, tofauti ya saa chache tu, na wengi hutoka kwenye pupa alfajiri. Tulihesabu siku ya kwanza asubuhi, tukawakuta waliotangulia. Madume walikuja nyuma yao, mchana ule na siku zilizofuata. Nilikuwa nalijua jambo hilo la majike kutangulia, na bado hesabu ya asubuhi ilinichukua. Tangu leo kanuni ya mradi ni hii: chupa haihesabiki hadi ipite siku ya sita tangu nzi wa kwanza.

2 Agosti

Hatuna nzi wenye macho meupe, kwa hiyo leo tumetumia maharage. Harage jekundu ni X yenye jeni ya macho mekundu, harage jeupe ni X yenye jeni ya macho meupe, na njiti ya kiberiti ni Y.

Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan, kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipata dume mmoja mwenye macho meupe. Chumba chake na wanafunzi wake kilikuwa cha futi 16 kwa 23, kimejaa chupa za maziwa na harufu ya ndizi. Alimpandisha dume yule na majike wenye macho mekundu, kisha akawaacha watoto wazaliane wenyewe kwa wenyewe. Kizazi cha pili kilitoa majike wenye macho mekundu 2,459, madume wenye macho mekundu 1,011, madume wenye macho meupe 782, na hakuna hata jike mmoja mwenye macho meupe. Wanafunzi walipanga maharage mezani na wao wenyewe wakaona kwa nini: jike huyo angehitaji maharage meupe mawili, na kila jike wa kizazi hicho amepokea jekundu moja kutoka kwa baba yake.

Kisha nikawapa swali la Calvin Bridges, kijana aliyeanza kazi kwenye chumba kile kwa kuosha chupa. (Hapo waliokuwa zamu ya kuosha chupa walikaa wima.) Mpandishe jike wa macho meupe na dume wa macho mekundu. Mabinti wote wanatakiwa wawe na macho mekundu, wana wote meupe. Bridges alikuta hivyo, isipokuwa mara chache sana alitokea binti mwenye macho meupe, au mwana mwenye macho mekundu. Wanatoka wapi?

Dakika ishirini za kusukuma maharage. Aliyelipata ni kijana ambaye darasani huwa kimya: maharage mawili ya mama yamekwama pamoja, hayakuachana wakati yai linatengenezwa. Yai lenye maharage meupe mawili likikutana na njiti ya baba, linapatikana jike mwenye X mbili na Y moja. Yai lisilo na harage likikutana na jekundu la baba, linapatikana dume mwenye X moja, bila Y.

Nikawaambia watazame tena walichokipanga. Huyu ana njiti, na ni jike, tena anazaa vizuri. Yule hana njiti, na ni dume, ana kichana mguuni na kila kitu, ila ni tasa, kwa kuwa jeni za kukamilisha mbegu zimo kwenye Y. Bridges alichapisha hayo mwaka 1916, makala ya kwanza kabisa kwenye toleo la kwanza la jarida la Genetics. Binti wa dawati la mbele alichukua njiti ya kiberiti, akaiweka pembeni ya meza, akasema, "Basi Y haifanyi dume." Hakuuliza safari hii.

8 Agosti

Nanenane, viwanja vya John Mwakangale. Tuliomba kona ndogo kwenye banda, tukaweka chupa mbili, hadubini na ule mchoro wa kichana.

Watu wengi walidhani ni nzi wanaoharibu maembe. Si wao. Hawa wetu hutaga kwenye tunda lililokwisha kuoza au kupasuka, wakati wale wakubwa hulichoma tunda zima likiwa bado mtini na kutaga ndani. Anayewasumbua zaidi wakulima ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kugunduliwa Afrika mwaka 2003, Kenya, kisha akasambaa.

Mzee mmoja wa Kyela alisimama muda mrefu. "Mwalimu, mimi nina mitego ya kuning'iniza. Inajaa nzi kila wiki, na embe zinaoza vilevile. Kwa nini?"

"Mzee wangu, ile harufu iliyo kwenye mtego inavuta madume tu. Anayechoma embe ni jike."

Alitafakari. "Kwa hiyo nimekuwa nikiua wanaume."

"Na dume mmoja aliyebaki anapanda majike wengi." Nilimweleza kwamba mitego hiyo husaidia ikiwekwa mingi, na majirani wote, kiasi kwamba majike wakose wa kuwapanda. Mkulima mmoja peke yake hafiki huko. Aokote pia embe zilizoanguka na kuzifukia au kuzifunga kwenye mifuko juani, kwa kuwa humo ndimo majike wapya wanamotoka.

Nikamweleza na lingine, ambalo kwangu ndilo linaloonyesha faida ya kujua jinsia ya nzi inavyoamuliwa. Kuna nzi mwingine wa matunda, Ceratitis capitata, ambaye kwake Y ndiyo yenye kauli: jeni yake ya udume, MoY, ilitambuliwa mwaka 2019. Guatemala kuna kiwanda kinachozalisha madume wake tasa kwa mamilioni, ili wakipanda majike wa porini mayai yasianguliwe. Sasa utawatengaje madume na majike kwa mamilioni? Wataalamu walichukua ukoo wenye jeni mbili mbovu, moja inayofanya pupa kuwa nyeupe na nyingine inayofanya yai life likipata joto, kisha wakahamishia nakala nzima za jeni hizo kwenye Y. Mwenye Y ana pupa ya kahawia na anastahimili joto. Asiye na Y, yaani jike, ana pupa nyeupe, na yai lake likikaa saa 24 kwenye nyuzi 34 linakufa. Mayai yanatiwa kwenye maji ya joto, wanabaki madume.

Mzee aliomba nimrudie hiyo ya maji ya joto mara ya pili. Alikaa kwenye benchi letu hadi jua lilipopoa.

16 Agosti

Leo nimefundisha sehemu niliyokuwa nikiiruka miaka yote. Kama si Y, basi nini?

Kitabu kinajibu kwa uwiano: idadi ya X gawanya kwa seti za kromosomu nyingine. Moja ni jike, nusu ni dume. Hilo nalo ni la Bridges. Mwaka 1921 alieleza nzi wenye seti tatu za kromosomu nyingine na X mbili, wakawa katikati, si jike wala dume. Alichokiona hakina kasoro. Lakini kufundisha kana kwamba chembe hai inakaa chini na kugawanya ni kumpa mwanafunzi namba ya kukariri.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya saa tatu za kwanza baada ya yai kutagwa, jeni kadhaa zilizo kwenye X hutengeneza protini. X mbili, protini maradufu. Zikifika kiwango fulani zinaiwasha jeni iitwayo Sxl. X moja haifikishi kiwango hicho, Sxl inabaki imezimwa. Mwaka 2007 watafiti Erickson na Quintero walionyesha kwamba kinachohesabiwa ni idadi ya X yenyewe. Seti nyingine huingilia kwa njia ya pembeni: zinabadilisha muda ambao kiinitete kinakuwa nao wa kuhesabu kabla dirisha halijafungwa.

Dirisha likifungwa, hesabu haifanywi tena. Wanafunzi walikwama hapa: sasa nzi anakumbukaje? Nikatumia mfano wa fundi cherehani. RNA ya Sxl, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, inatoka kama kitambaa ambacho katikati kina kipande chenye alama ya "koma hapa". Kwa jike, protini ya Sxl iliyokwisha tengenezwa mapema inasimamia ukataji wa RNA yake yenyewe: kile kipande kinatolewa, pande mbili zinaungwa, inapatikana Sxl nyingine nzima, nayo inasimamia inayofuata, hadi nzi anakufa. Kwa dume hakuna wa kusimamia, kipande kinabaki, protini inakatikia njiani. Kutoka kwa Sxl kazi inakwenda kwenye jeni ya tra, na kutoka tra hadi dsx, ambayo jike ana toleo lake na dume lake. Toleo la dsx ndilo linaloamua kama mguu utaota kichana. Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan, alionyesha mwaka 1945 kwamba nzi mwenye X mbili akikosa tra nzima anakuwa na umbo la dume, ingawa tasa.

Na hakuna homoni inayozunguka mwilini kuwapa habari, kila chembe inajiamulia. Ndiyo maana mara chache hupatikana nzi ambaye upande mmoja ni jike na mwingine dume, kwa sababu chembe moja ya mwanzo ilipoteza X yake moja. Nusu yake ina kichana, nusu haina. Wanafunzi wameapa kumtafuta.

Tumerudi pia kwa spiroplasma. Dume ana X moja, kwa hiyo ndani ya chembe zake kuna mashine inayoiwezesha X hiyo ifanye kazi maradufu ili alingane na jike. Sxl ndiyo inayozuia mashine hiyo isiundwe kwa jike. Protini ya bakteria, iitwayo Spaid, inaishambulia mashine hiyohiyo, na mwenye mashine ni dume peke yake.

22 Agosti

Chupa za baridi zimemaliza, zaidi ya siku thelathini tangu mayai. Sanduku la joto: majike 214, madume 203. Stoo: majike 139, madume 122. Kijana wa Rukwa alitaka kushikilia ile tofauti ya 17, tukapiga kai-skwea pamoja, hesabu inayopima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu: 1.11, na mpaka ni 3.84. Amekubali, kwa shingo upande. Nimemwambia wazo lake si la bure: kuna nzi wenye hitilafu kwenye jeni ya tra-2 ambao, wakiwa na X mbili, kwenye nyuzi 16 wanakuwa majike na kwenye 29 wanakuwa madume. Kwa nzi mzima baridi ya Mbeya inamchelewesha tu.

Hakuna mama hata mmoja aliyezaa mabinti watupu.

30 Agosti

Binti wa dawati la mbele anataka kujua jinsia kabla nzi hajatoka. Inawezekana. Buu wa kiume aliyekaribia kuwa pupa ana doa moja kila ubavu, la mviringo na lenye kupitisha mwanga, nyuma ya katikati ya mwili: ndizo korodani, zinaonekana kupitia ngozi. Ovari za jike ni ndogo mno kuonekana. Amewaosha mabuu ishirini kwa maji, akawatazama mmoja mmoja kwenye tone. Tisa wenye doa chupa moja, kumi na mmoja wasio na doa nyingine.

6 Septemba

Chupa ya wale tisa wenye doa: madume wanane, pupa mmoja amekufa. Chupa ya wale kumi na mmoja wasio na doa: majike kumi, dume mmoja, kichana chake kinaonekana bila shida. Binti hakufurahia kumi na nane sahihi. Anataka kujua alimkosaje yule mmoja. Anadhani mwanga ulitoka juu na mafuta ya mwilini yakalificha doa. Jumatatu anarudia na mabuu wengine ishirini, taa ikiwa chini.